Barua ya Wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa Ubinadamu

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Ubinadamu,
Idara ya Utafutaji Mtandaoni,
Ng'ambo.

KUH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA WATU

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Kanyakine, Imenti Kusini, Kaunti ya Meru. Chai inachumwa, ndizi zinapakiwa, na wananchi wameinamia simu zao wakikuapia kwamba wao si roboti.

Kuhakikiwa hakutushangazi. Mkoloni aliwavisha babu zetu kipande shingoni. Baada ya uhuru tukapewa vitambulisho. Mwaka 2019 tukapanga foleni za Huduma Namba, mwaka 2022 tukahimizwa kusajili upya laini za simu, na mwaka 2023 ikaja Maisha Namba. Muda huo wote tumeshukiwa kuwa watoro, wageni na wakwepa kodi. Kushukiwa kuwa mashine kumeanzia kwako.

Mkulima akiuliza mtandaoni dawa ya kutu ya majani ya kahawa, unampa picha tisa na kumwamuru aguse zenye bomba la zimamoto. Bomba jekundu lililosimama kando ya njia, Mheshimiwa, huku kwetu huonekana kwenye filamu. Basi la shule la manjano tunalijua, maana sheria ya Kenya imeyapaka yote rangi hiyo. Na pikipiki ndiyo taaluma yetu, ila hapo pana mjadala. Kioo cha pembeni kikichungulia kwenye mraba wa pili, huo nao una pikipiki? Na dereva aliyeikalia, ahesabiwe? Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, wangeiahirisha kesi hiyo. Wewe unataka hukumu papo hapo, kisha unaleta picha nyingine.

Masharti yako tumeyatii. Ulisema tuzime VPN, tukazima. Usituulize ilifikaje kwenye simu: Telegram ilipobanwa nchini wakati wa mitihani ya kidato cha nne, KCSE, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, kila kijana alimfundisha mwenzake njia ya panya, na njia ile ikabaki imewashwa hata mitihani ilipokwisha. Ulisema tusitumie hali fiche wala kufuta kuki kila mara, kwa kuwa asiye na kumbukumbu kwako ni mgeni daima. Tukaacha. Tukasasisha kivinjari na kurekebisha saa ya simu. Tukafuta zile programu za bure za tochi na za kuongeza kasi, maana nyingine huikodisha simu yako kisirisiri, wageni wakatuma maombi yao kwa jina lako. Tukawasha hali ya ndegeni na kuizima ili mtandao utupe anwani mpya. Hiyo ndiyo dawa inayofanya kazi zaidi, mpaka anwani mpya nayo iwe imeshachafuliwa na mwingine.

Na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wetu. Anwani za intaneti za mpango wa 1981 ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. AFRINIC, shirika linaloigawia Afrika kutoka Mauritius, liliingia awamu ya mwisho ya akiba yake Januari 2020. Wengi wetu tulipopata simu ya kulipia mdogo mdogo, meza ilikuwa imeshafagiliwa. Kampuni za simu zikaona afadhali ziwarundike wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama kijiji kizima kilivyopokea barua kwa sanduku la posta la shule. Sasa mmoja wetu akituma maelfu ya maombi kwa programu, unatushika sote. Unachokagua si mtu, ni anwani, na wasio na anwani zao wenyewe ndio wanaolala kituoni.

Mwaka 1950 Alan Turing alipendekeza binadamu aihoji mashine kuona kama itaweza kujifanya mtu. Wataalamu wa Carnegie Mellon, akiwemo Luis von Ahn, walipobuni mtihani wako wa CAPTCHA mwanzoni mwa karne hii, mashine ikakalia kiti cha hakimu. Mwaka 2007 ndugu yako reCAPTCHA akaanza kutusomesha maneno ya vitabu vikuukuu na magazeti ya zamani ya New York Times yaliyozishinda kompyuta, na baadaye akaleta picha za barabarani. Jarida la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba vijana wa Nairobi waliochuja data za OpenAI kupitia kampuni ya Sama walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tukapiga kelele kwamba ni dhuluma. Kumbe wenzao wa Kanyakine wanakuchambulia picha bure, tena kwa bando lao.

Halafu mwaka 2024 watafiti wa ETH Zurich wakaonyesha programu inayofaulu mtihani wa picha wa reCAPTCHA kwa asilimia 100. Roboti imepata alama zote, Mheshimiwa. Sisi tungali kwenye bomba la zimamoto.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, utuhukumu kwa matendo ya simu moja moja, si kwa anwani tuliyorundikwa. Pili, kama ni lazima tuhakikiwe, pokea barua ya chifu: inatosha kuombea kitambulisho na basari, haitashindwa na swali kuhusu kahawa. Tatu, kwa kuwa roboti hazikosei tena, geuza kanuni yako. Atakayegusa picha zote sawasawa bila kusita, mfungie nje. Atakayebishana nawe kuhusu kioo cha pembeni, mpishe apite: huyo ni mtu.

Wako katika kusubiri picha zijazo,

Mwombaji Ubinadamu,
Kanyakine.

Nakala kwa: Chifu (aandae muhuri).