Sifa za Mlezi Asiyeandika

Ulezi wa waandishi chipukizi, yaani utaratibu wa mwandishi mzoefu kumwongoza anayeanza mpaka kuandika kila siku kuwe desturi yake, unastahili pongezi katika Nachingwea na Ruangwa, kwa kuwa baadhi ya walezi wamegundua kwamba desturi hiyo hufundishwa vizuri zaidi na asiyekuwa nayo, ambaye vidole vyake havina wino wala akili yake haijachoshwa na rasimu.

Njia hii ina nasaba tukufu. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuifanya Nachingwea kituo chake kimojawapo, ulileta matrekta na reli kabla ya kuushauri udongo na mvua. Ulipoachwa mwaka 1951, ukiwa umekula takriban pauni milioni 36, reli ilikuwepo, ila karanga ndizo zilizochelewa. Vivyo hivyo, chipukizi hukabidhiwa daftari la jalada gumu, kalamu na cheti kabla ya kudaiwa ukurasa mmoja. Wazo lake nalo hufuata stakabadhi ghalani, mfumo ambao mkulima wa korosho hukabidhi mzigo, hupewa karatasi, kisha husubiri mnada. Tofauti ni kwamba ghala la chipukizi halihitaji hata gunia.

Anayedai kwamba walezi hao hawaandiki kila siku hajaiona orodha ya posho, kwani hakuna siku ya warsha inayopita bila sahihi zao, tena kwa mwandiko mzuri.