Jinsi ya Kufuta Orodha na Kuacha Mabaki

Ukitaka programu ikudanganye kimyakimya, fuata hatua hizi.

1. Futa ukiwa njiani. Katika Python, chukua orodha ya 2, 4, 5, 6, uiamuru programu iondoe namba shufwa zote. Kitanzi kipite orodha hiyohiyo, na kila kikikuta shufwa kiitoe palepale kwa remove. Zitabaki 4 na 5. Ile 4 imepona kwa sababu kitanzi huhesabu nafasi: 2 ilipofutwa, 4 ilisogea ikachukua nafasi ya kwanza, wakati kitanzi kimeshakwenda ya pili, ilikokaa 5.

2. Jaribu kwa data ya kukupendeza. Weka 2, 3, 4, 5, 6. Zitabaki 3 na 5, jibu sahihi kabisa, kwa kuwa kila inayorukwa ni witiri. Ridhika, uikabidhi kazi kwa mteja. Hitilafu itatokeza siku shufwa mbili zitakapofuatana, na ikiwa orodha ni ya wadaiwa, na wanaofutwa ni waliokwisha kulipa, kuna atakayedaiwa mara ya pili.

3. Ongeza badala ya kufuta. Kila mzunguko uweke kitu kipya mwishoni kwa append. Mwisho wa orodha utazidi kusogea, na kitanzi kitaufukuzia hadi kumbukumbu ya kompyuta ijae.

4. Itegemee Java ikulinde. Mara nyingi ArrayList ikibadilishwa katikati ya kitanzi cha for-each hurusha ConcurrentModificationException, na hapo umesaidiwa, maana kosa limeonekana. Lakini ukiondoa kitu cha pili kutoka mwisho, kitanzi huishia hapo bila kelele, na cha mwisho hakikaguliwi.

Asiyetaka hasara hizo atenganishe kusoma na kubadilisha. Ajenge orodha mpya ya vinavyostahili kubaki. Hiyo ndiyo njia safi kuliko zote. Akilazimika kufuta kwenye orodha ileile, apite juu ya nakala yake, au aanzie nafasi ya mwisho akirudi mwanzo, kwani ukifuta hivyo vinavyosogea ni vile ulivyokwisha kuvipitia tu. Katika Java, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, removeIf huifanya kazi hiyo kwa mstari mmoja.

Kisha ajaribu kwa vitu viwili vya kufutwa vilivyofuatana, na kimoja kilichokaa mwisho kabisa. Jaribio hilo halichukui hata dakika tano, nalo humwokoa mtu asiyekujua na deni alilokwisha kulilipa.