Safu ya Ushauri: Jasho la Mbuyuni, Baridi ya Mafinga

Barua iliyo ndefu kuliko zote zilizoifikia safu hii imeandikwa na msomaji anayejiita Mlowa Pande Mbili, mkazi wa Dar es Salaam, ambaye husafiri hadi Njombe kwa pikipiki kubwa ya safari, yaani ile inayostahimili lami na vumbi kwa pamoja. Analalamika kwamba suti yake nyeusi, isiyopenya maji, humchemsha kama muhogo anapopita Ruaha Mbuyuni, kisha humwacha akitetemeka anapokaribia Mafinga, naye anauliza iwapo ugonjwa wake ni suti au ni malaria.

Malaria hupimwa zahanati, na mwulizaji anahimizwa kuanzia huko. Yanayosalia ni maarifa ya hewa na maji. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na njia hiyo huanzia usawa wa bahari ikaishia katika mji unaokaribia mita 2,000, hivyo msafiri hupoteza zaidi ya nyuzi 12 hata kabla upepo haujahesabiwa. Upepo huo ukikutana na shati lililolowa jasho, hulikausha kwa kuuibia mwili joto. Kwa maneno mengine, baridi ya Mafinga ilikwisha kununuliwa kule bondeni.

Kiini cha jambo ni mahali ambapo suti huzuia maji. Kizuizi chenyewe huitwa utando, nao ni ngozi nyembamba yenye vitundu vidogo kiasi kwamba tone la maji haliwezi kupenya lakini mvuke wa jasho unaweza. Ulio maarufu zaidi, Gore-Tex, unatokana na ugunduzi wa Bob Gore wa Marekani mwaka 1969. Wauzaji husema kwamba kitambaa hicho hupumua, ila hawaongezi kwamba mvuke huhitaji hewa kavu zaidi upande wa nje ili utoke, sharti ambalo msimu wa mvua haulitimizi kila siku. Utando ukigandishwa kwenye kitambaa cha nje, suti haiinywi mvua na hukauka upesi, lakini haipitishi upepo isipokuwa kwenye matundu yenye zipu. Ukishonwa ndani kama bitana, bei hupungua, ila kitambaa cha nje hulowa kikawa kizito, na mvaaji hubeba mvua ya Mikumi hadi Iringa bila malipo.

Kwa njia ya mwulizaji, ambamo joto, mvua na baridi hupokezana ndani ya siku moja, inafaa zaidi suti ya kitambaa cha wavu kinachopitisha hewa, pamoja na sweta jembamba na koti pana la mvua linalovaliwa juu ya vyote. Koti la juu lina fadhila nyingine: halimlazimishi mtu mzima kuvua suruali kando ya barabara kuu huku basi zima la abiria likimtazama. Tahadhari ni moja. Hewa ikizidi joto la ngozi, takriban nyuzi 35, wavu hugeuka mdomo wa tanuri, na hapo ni heri kulowesha fulana ya ndani na kupunguza upepo unaoingia. Madereva wa bodaboda wanaovaa koti kinyume, mgongo ukawa kifuani, huchekwa na wenye suti za gharama, ingawa wametambua mapema kuliko watengenezaji wengi kwamba zipu ya mbele ni mlango wa upepo.

Msomaji wa pili, Ngozi Halisi, amenunua mtumba wa koti la ngozi lenye picha ya pikipiki mgongoni, na anataka kujua kama litamkinga akianguka. Picha haijawahi kuzuia lami. Atafute ndani ya koti lebo yenye alama ya EN 17092, ambayo ni kipimo cha Ulaya cha mavazi ya wapanda pikipiki: AAA huashiria kinga ya juu kabisa dhidi ya kukwaruzwa na kuchanika, kisha hufuata AA na A, ilhali B haidai kuwa na pedi za kupunguza kishindo. Pedi nazo zina lebo yake. Ile ya mgongo ya daraja la 2 hairuhusu wastani wa zaidi ya kilonyutoni 9 kupita, wakati ya daraja la 1 huruhusu hadi 18. Nafasi ya pedi iliyojazwa sifongo la godoro haina daraja. Ajaribu suti akiwa ameketi juu ya pikipiki, magoti yamekunjwa, kwa sababu pedi inayokaa vizuri mbele ya kioo cha duka huweza kuhamia pajani safarini, na goti likabaki yatima.

Mke wa mpanda pikipiki mmoja anauliza, kwa ufupi wa mtu aliyechoka, kama ni lazima mumewe avae suti hiyo anapokwenda kununua mkate mtaa wa pili. Kama anakwenda kwa pikipiki, avae. Kama anakwenda kwa miguu, shemeji yetu anahitaji safu nyingine.