Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo, Mpanga Viti vya Ndege

Kwa Mheshimiwa Mfumo,
Idara ya Kupanga Viti,
Shirika la Ndege (jina nalihifadhi).

Kupitia kwa: Dada wa kaunta.

YAH: KUTENGANISHWA KWA WANANDOA ANGANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu kila niliyemlalamikia hapo shirikani amekutaja wewe. Dada wa kaunta alisema, "Si mimi, mama, ni mfumo ndio umepanga." Msimamizi wake akaja, akaitazama skrini kwa heshima zote, akasema mfumo umekataa. Nikajua kumbe mwenye shirika ni wewe, hawa wengine vibarua wako.

Mheshimiwa, tulikata tiketi mbili kwa malipo ya pamoja, jina la ukoo moja. Ukatupanga hivi: mimi 12C, Baba Neema 28E. Mimi ndege ikipaa nalala. Baba Neema ni mtu wa kupita mlima Sekenke usiku ndani ya basi huku akikoroma, lakini mlango wa ndege ukifungwa tu, anaanza kuwasamehe wadeni wake.

Wanaozijua ndege husema chombo hutulia zaidi penye mabawa, karibu na kitovu cha uzito wake, na mkiani ndiko kunakorushwarushwa. Wewe kwa hekima yako ukampa bawa msinziaji, mkia ukampa mwoga. Tena kiti cha katikati, asipate dirisha wala pa kunyoosha mguu.

Tulipopaa kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, kukasikika kishindo chini ya sakafu. Ningekuwa kando yake ningemnong'oneza, yakaisha. Badala yake ikaja sauti kutoka nyuma: "Mama Neema! Umesikia?" Nikajibu kwamba magurudumu yanakunjwa. Injini zikanimeza sauti, wasamaria wema wakapokezana ujumbe safu kwa safu. Ulipofika ya 28 ulikuwa umeshakuwa: "Mkeo anasema magurudumu yamevunjika." Muda si mrefu rubani akapunguza nguvu ya injini, kama ilivyo kawaida baada ya kupaa, na kule kupungua kwa mngurumo ndiko kulikommaliza kabisa.

Pale 28D ulimketisha kijana aliyekuwa akienda kwenye usaili wa kazi. Aliteremka Mwanza mkono mmoja wa shati lake jeupe umenyooka kwa pasi, wa pili umefinyangwa kuanzia kiwikoni hadi begani. Sijui aliwaeleza nini wale wa usaili.

Utasema tulipewa nafasi ya kuchagua viti kwa ada. Kweli. Ulituonyesha ramani ya ndege, na hiyo 28D ilikuwa wazi, ina rangi ya kijani, inasubiri hela. Nilipokataa kulipa, kiti hichohicho ukampa kijana wa watu bure, wala hakukiomba. Hapo ndipo nilipokuelewa. Viti viwili tulishavinunua. Wewe ulikuwa unatuuzia ndoa yetu rejareja.

Ulitutangazia pia viti vya mlango wa dharura, vyenye nafasi ya miguu, kwa bei ya juu zaidi. Sharti lake, anayekaa hapo awe tayari kuufungua mlango ikibidi. Baba Neema yuko tayari. Tatizo ni kwamba yuko tayari muda wote.

Marekani, mwaka 2024, Wizara ya Uchukuzi ilipendekeza kanuni ya kuyazuia mashirika ya ndege yasiwatoze wazazi ada ili wakae na watoto wao wa miaka 13 kushuka chini. Baba Neema ana miaka 51, kwa hiyo hata tukihamia huko tumechelewa.

Ombi langu ni dogo. Waliolipa pamoja waketishe pamoja kwanza, ndipo uuze vinavyobaki. Anayetaka dirisha la mbele aendelee kukulipa, hatuna ugomvi naye. Ukishindwa hilo, basi kwenye risiti uiandike ada hiyo kwa jina lake halisi: ada ya kutotenganishwa.

Safari ya kurudi tumekata tiketi za basi. Ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini viti tumechagua wenyewe pale ofisini kwa kuvionyesha kwa kidole, viwili, ubavu kwa ubavu, na hakuna aliyetudai hata shilingi ya ziada.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama Neema