Jinsi ya Kukubaliwa na Mbwa wa Mbugani

Kwanza mpate mbwa mwenyewe. Huku Kyela mbwa wa kazi haendi mnadani kama mbuzi. Unasikia mbwa wa fulani kazaa, unakwenda na kilo chache za mchele au jogoo mkononi, unarudi na kikapu kinacholia njia nzima. Ukifika pale usianze kuwapapasa watoto ukitafuta mnene. Muulize mwenye mbwa: nguruwe pori akiingia kwenye mpunga usiku, mama wa hawa watoto hufanya nini? Akisema hubweka akiwa chini ya dungu, shukuru kwa heshima, aga, nenda kijiji kingine. Akikuonyesha kovu begani mwa yule mama, kaa chini, omba maji ya kunywa, mazungumzo yenu ndiyo yameanza. Na hata mkikubaliana, mtoto asiondoke kwa mama yake kabla ya wiki nane. Wiki hizo anafundishwa na mama na ndugu zake jambo ambalo wewe huwezi kumfundisha: kung'ata mpaka wapi, na kuacha lini.

Sasa jina. Kwetu mbwa wengi wana majina ya mafumbo yaliyolengwa kwa jirani: Wivu, Hayawahusu, Mtachokawenyewe. Jina la namna hiyo linafaa kwa ugomvi wa uani. Mbugani halifai. Ita "Mtachokawenyewe!" kutoka juu ya dungu, na kabla hujamaliza kulitamka mbwa ameshavuka jaruba la tatu. Wangu alikuja na jina hilohilo kutoka kwa aliyenipa, nikalikata likabaki Mta. Majirani waliendelea kumwita kwa jina zima, na ninakiri kwamba mwaka wa kwanza lilimfaa.

Maana Mta alikuwa mgumu. Alikuwa na pua ya kunusa ndezi kupitia tuta la udongo na miguu isiyojua kuchoka, lakini ukimwita alisimama kwenye kingo, mguu mmoja wa mbele hewani, akakutazama usoni kama karani anayesoma barua isiyo na mhuri, kisha akaendelea na safari yake. Watu watakushauri dawa ya mbwa wa namna hiyo. Mchape. Mfunge mnyororo siku tatu bila chakula. Mlishe pilipili awe mkali. Wasikilize, kwa kuwa ni wakubwa zako na wanakutakia mema, halafu usifanye hata kimoja. Pilipili inamchoma tumbo na haimwongezei ushujaa. Mnyororo unamfundisha kuuchukia mnyororo na mkono ulioufunga. Fimbo nitairudia, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapowapoteza mbwa wetu.

Kwanza tazama anamtii nani. Kila mbwa mkaidi ana mtu wake, na mara nyingi si mwenye mbwa. Mta alikuwa na mjukuu wa bibi jirani, mtoto wa miaka kumi hivi, kaptula yenye mfuko mmoja. Nilikaa siku mbili nikiangalia. Mtoto anateremka kutoka kwenye mikakao, anakaa juu ya tuta, anatoa kipande cha ukoko mfukoni. Anakivunja. Nusu anatafuna yeye, nusu anaiweka kiganjani na kukishusha kiganja chini bila kusema neno. Mbwa anakula. Kisha mtoto anainuka na kuondoka zake bila kugeuka nyuma, na Mta, ambaye asubuhi ile nilimwita mara saba, anamfuata unyayo kwa unyayo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unampa nini huyu mbwa?"

"Ukoko, babu."

"Na siku huna ukoko?"

Akafikiri. "Namngoja tu. Anakuja."

Ndugu yangu, shule nzima ya mbwa imo mle. Mtoto hakuwa na haraka, hakuwa na fimbo, na alikuwa akila pamoja naye. Wala si ajabu kwamba ni mtoto. Nchi hii ya Wanyakyusa, ambako wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi na kufanya utafiti wao kati ya 1934 na 1938, iliwahi kuwa na vijiji vya rika: wavulana wa umri wa huyo mjukuu walianza kujijengea vibanda vyao kando ya wazazi, na kuchunga ng'ombe wa baba zao ilikuwa kazi yao. Mnyama alimjua anayeshinda naye. Mwenye mali alikuwa mtu wa jioni.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo usitoe amri yoyote. Chakula chake kipite mkononi mwako, hata kama ni makombo ya ugali, na asile kwa mtu mwingine. Hili zungumza na mama watoto mapema, kwa upole, kwa kuwa jikoni ndiko uaminifu wa mbwa unakohamia usiku. Nunua dagaa wa ziwani, usipa waliokauka, fungu dogo tu. Samaki mmoja mwenye urefu wa kidole ni mshahara mkubwa kwa mbwa. Pua yake ina vipokezi vya harufu vinavyopita milioni 200, yako ina milioni chache. Huo usipa ulio mfukoni mwako anausikia hata ukiwa ng'ambo ya jaruba. Tembea naye kwenye matuta asubuhi na jioni, kamba ya mita tano au sita ikiburuta nyuma yake, usiivute. Umezoea njia iliyonyooka, yeye anakwenda mshazari. Mwache. Kila anapogeuka mwenyewe kukutazama, usipa mmoja. Hakuna cha zaidi.

Ukiona sasa anageuka mara kwa mara, ndipo uanze neno la kwanza, nalo ni la kurudi. Mbwa wa mbugani anahitaji maneno matatu tu: rudi, kaa, na acha. Mengine ni mapambo. Piga mluzi mmoja uleule kila siku, useme jina, halafu usimfuate. Hapa ndipo mwili wako utakapokataa, kwa kuwa mtu akiona mbwa anakimbia naye hukimbia. Wewe geuka, nenda upande wa pili kwa haraka, hata ukilazimika kukanyaga maji. Mbwa anayefukuzwa huona ni mchezo wa kukimbiana. Mbwa anayeachwa huona mwenzake anapotea. Atakuja. Atakuja amechelewa, amelowa, matope mpaka masikioni, na pengine na ndala ya mtu mdomoni.

Na hapo fimbo ikae chini. Amekuja baada ya nusu saa, wewe koo limekauka kwa kuita, mkono unawasha. Ukimpiga, yeye hataunganisha kipigo na nusu saa iliyopita. Ataunganisha na kitu cha mwisho alichofanya, na kitu cha mwisho alichofanya ni kuja kwako. Kesho utaita, naye atakumbuka vizuri sana. Mbwa wengi tunaowaita viziwi wamefundishwa uziwi namna hiyo, kipigo kimoja baada ya kingine, na wenye mbwa ambao walidhani wanafundisha utii. Mpe usipa wake. Ndala nayo ibadilishe kwa usipa wa pili, usimnyang'anye, kwa kuwa mbwa anayeleta kitu na kukiachia mkononi ni hazina, na siku ya kwanza unapomnyang'anya ndiyo siku ya kwanza anapoanza kukimbia nacho.

Maji ni somo lingine. Kyela ni bakuli: milima ya Livingstone upande mmoja, ziwa upande mwingine, mvua ya Machi na Aprili inateremka yote kuja kwetu, na mbuga inageuka bahari ndogo. Mbwa asiyeingia majini hana kazi hapa. Lakini usimtupe. Mbwa aliyetupwa majini huogopa maji na wewe pia. Subiri saa nane mchana, jua likichoma, ingia wewe kwenye jaruba lenye maji ya kufika kifundo, kaa. Joto litafanya kazi iliyobaki. Usimzoeze mtoni. Kiwira na Mbaka ni mito mizuri kuitazama, ila mamba wapo, na mbwa anayeogelea huku akibweka ni sawa na kengele ya chakula. Jaruba linatosha.

Kuhusu ndege nitasema ukweli kwa sababu nimesikia ahadi nyingi. Hakuna mbwa atakayekulindia mpunga dhidi ya kwelea. Kundi linainuka mbele yake na kutua nyuma yake, naye anazunguka mpaka ulimi unagusa maji. Kwelea ni kazi ya watoto, makombeo na madebe. Mbwa mwekee usiku na nguruwe pori, mwekee ngedere wanaotoboa kakao na kunyonya utamu wake, mwekee panya wa ghalani. Na jambo la kumkataza mapema kuliko yote ni bata wa jirani. Bata akiingia kwenye mpunga wako ana makosa, sikatai. Lakini ukipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, atakayekuwa mezani kama kielelezo ni bata, na bata aliyekufa hana makosa tena. Neno "acha" lifundishe kwa bata walio hai, kamba ikiwa mkononi, kila siku kidogo, mpaka awapite akitazama pembeni kama mtu anayempita mdai wake.

Kisha kuna sindano, na hapa sina mchezo hata kidogo. Mbwa wa kazi anakutana na wanyama wa porini, ndiyo maana chanjo ya kichaa cha mbwa kwake ni ya lazima: akitimiza miezi mitatu, halafu kila mwaka. Karibu watu wote duniani wanaokufa kwa ugonjwa huo waliupata kwa mbwa, na dalili zikishaonekana kwa binadamu kupona ni jambo adimu mno. Mtoto aking'atwa, hata na mbwa wako mpendwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kamili, kisha zahanati au hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Usipake mafuta ya taa, usifunge majani, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Yule mjukuu mwenye ukoko ndiye aliye karibu zaidi na meno ya Mta kuliko mtu yeyote. Namfikiria yeye kila mwaka daktari wa mifugo anapotangaza siku.

Na mbwa akishaiva, vijana watakuja kumwazima wapande naye mlimani. Kataa. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, lakini hata sheria isingekuwepo ningekataa. Kule juu, kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, anaishi kipunji, nyani mwenye mkia mrefu na sauti ya kama honi, ambaye wanasayansi walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005 tu, ingawa wazee wa huko walikuwa wakimsimulia zamani. Nje ya misitu hiyo anapatikana Ndundulu, huko Udzungwa, basi. Mbwa uliyemfundisha wewe kwa usipa na subira asiwe ndiye anayempunguza.

Utajuaje kwamba umekubaliwa? Hautakuwa mwaka wa kwanza. Kwangu ilikuwa Mei ya mwaka wa pili, mpunga umeinama, nimo juu ya dungu, mwezi umefichwa na wingu kutoka ziwani. Mta alikuwa amelala chini ya ngazi. Nikasikia maji yakichezewa upande wa mikakao, kishindo kizito, kisha mkoromo. Mbwa alikuwa ameshasimama kabla yangu, mguu wa mbele hewani, manyoya ya shingo wima. Mwaka uliopita angekuwa ameshafika. Safari hii alibaki hivyohivyo, akatetemeka mwili mzima, halafu akageuza kichwa akanitazama.

Nikapiga mluzi wa kumruhusu, na giza likafunguka mbele yake.