Simu ya Huduma kwa Wateja, Kama Inavyopigwa na Mswahili wa Uingereza

Simu ya huduma kwa wateja ni simu anayoipiga mkazi wa Uingereza pale kampuni ya umeme inapomletea bili ya jumba zima, ilhali yeye anaishi chumba kimoja chenye jiko la kuchangia. Nyumbani tatizo la namna hii lina njia yake: mwenye bili huenda ofisini mwenyewe, hukaa kwenye benchi, hupiga soga na mlinzi, na ikifika saa saba huambiwa mtandao unasumbua, arudi kesho. Ughaibuni ofisi haina mlango wala benchi. Kampuni inaishi ndani ya simu.

Anayepokea kwanza ni sauti iliyorekodiwa. Humtaka mteja abonyeze 1 kwa hili, 2 kwa lile, na alama ya reli akimaliza. Shida ya Mswahili haijawahi kuwemo katika orodha hiyo, kwa hiyo hubonyeza ile inayokaribiana nayo, akahamishiwa kwenye orodha nyingine. Jambo la kushukuru ni kwamba tangu Juni 2014 sheria ya huko inazizuia kampuni nyingi kumtoza mteja wao zaidi ya gharama ya simu ya kawaida. Anachopoteza ni siku, si vocha.

Kisha huja muziki. Muziki wa kusubirishia simu ulizuka kwa ajali huko Marekani: mwenye kiwanda mmoja, Alfred Levy, aligundua kwamba waya uliolegea ulikuwa umegusa chuma cha jengo, jengo zima likageuka redio, na waliosubiri kwenye simu wakawa wanasikia matangazo. Akaomba hataza mwaka 1962, akaipata 1966. Waya ule ungekazwa mapema, mamilioni ya watu leo wangesubiri kwa ukimya. Kila baada ya dakika chache muziki hukatika, moyo wa mteja ukaruka, kumbe ni ile sauti ya mwanzo imerudi kusema simu yake ni muhimu sana.

Foleni yenyewe si bahati mbaya. Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za simu mwaka 1909, na mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria muda wa kusubiri. Hesabu hizo zinaonyesha kwamba wahudumu wakikaribia kuwa na kazi kila dakika, foleni hairefuki kidogo kidogo. Hufumuka kama maziwa jikoni. Kampuni inalijua hilo inapoamua iajiri watu wangapi. Kwa maneno mengine, kungoja kwa Mswahili kumeshapangiwa bajeti.

Aliyekaa huko miaka kadhaa hangoji mikono mitupu. Huweka simu kwenye spika, akaiegemeza dirishani, na kuinjika maharage. Maharage ni saa nzuri kuliko ya ukutani, maana hayamwambii mtu kwamba yeye ni muhimu. Simu iliyopigwa yakiwa makavu aghalabu hupokelewa tui la kopo likiwa limeshamiminwa.

Mhudumu anapotokea, hatua ngumu ndiyo huanza: jina. Ng'ang'a, kwa mfano, ni jina la watu wengi sana Kenya, lakini kompyuta ya kampuni huitazama ile alama ya juu kama mdudu aliyetua kwenye kioo. Waingereza hutaja herufi kwa maneno ya marubani, Alfa, Bravo, Charlie, na wageni wengi huyabandika kwenye friji. Asiyeyabandika hujitungia yake. Mtu wa pwani akisema kwa Kiingereza kwamba herufi yake ni N ya nazi, upande wa pili hunyamaza kwa muda mrefu, kwa kuwa masikioni mwa Mwingereza nazi haina kifuu wala tui, ina Hitler. Baada ya hapo N huwa ya Novemba maisha yote.

Mhudumu mwenyewe mara nyingi hayuko Uingereza. Aliyepiga kutoka Leeds kuhusu mita iliyo chini ya ngazi zake anaweza kujibiwa na kijana aliyeko Manila, Bengaluru au Cape Town. Kijana huyo anapimwa kwa dakika anazotumia kwa kila simu, na tangu asubuhi ametukanwa kwa makosa ya watu asiowajua. Akiuliza habari, haulizi ili ajibiwe. Mswahili hujibu. Hueleza kwamba yeye ni mzima, mvua inanyesha, kisha huuliza habari za huko, za kazi, za nyumbani. Kimya kingine hufuata, tofauti na kile cha nazi. Ni hapo ambapo mhudumu huacha kusoma maneno aliyoandikiwa na kusema: ngoja nikuangalizie vizuri. Mlolongo wa salamu, unaochekwa hata nyumbani kwamba unapoteza muda, umefungua mlango ambao 1, 2 na alama ya reli zilishindwa kuufungua, na mita hugundulika kuwa ya jirani.

Asante husemwa mara nne au tano, na mhudumu hutoa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu nyingi. Sauti iliyorekodiwa hurudi kuomba alama, kuanzia 0 hadi 10. Mswahili hutoa 10 kila mara, hata bila kufikiri, asije akasababisha kibarua cha mtoto wa watu kuota nyasi. Bili ya mwezi unaofuata ikija ile ile, maharage hulowekwa usiku wa kuamkia siku ya kupiga.