Prado ya Kupandia Matuta ya Masaki

Hongera, kaka. Prado imenyanyuliwa inchi 2, springi mpya za mzigo mzito, shokapu za gesi za bei ya chee kutoka Gerezani, na fundi kakupiga picha ukiwa umekunja mikono mbele ya boneti. Masaki watakukoma.

Swali dogo tu: mzigo uko wapi? Springi zile zilitengenezewa mtu mwenye hema kwenye keria, madumu ya maji na akiba ya dizeli, anayekwenda Katavi. Wewe buti lako lina mwavuli. Ndiyo maana gari linaruka kama mbuzi aliyekata kamba, na shemeji, kila mkikaribia tuta, anashika mpini wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili.

Na lile difu la nyuma unalosema sasa litapita juu ya mawe yote? Liko palepale. Ekseli ya nyuma hupandishwa na tairi kubwa, si springi. Kilichopanda ni bodi, pamoja na gharama za bushi, na za shafti za mbele zinazozungushwa kwa mkao zisiouzoea.

Shokapu nazo hugeuza mtikisiko kuwa joto ndani ya mafuta. Za rahisi, kwenye barabara ndefu ya vumbi, mafuta hupata moto kupita kiasi, yakatoa povu, gari likabaki kudundadunda. Lakini hilo lisikunyime usingizi, kaka. Kutoka kwako hadi supamaketi ni lami tupu.